KUMPIGA PICHA KORONGO TAJI AKIRUKA: SHABAHA ISIYOMWAGA DAMU

Kila asubuhi bendera ipandishwapo katika kambi za jeshi na vituo vya polisi vya Uganda, ndege mmoja hupanda pamoja nayo. Ni korongo taji, yule mwenye kishungi cha dhahabu kichwani, ambaye kwa Kiganda huitwa ng'aali na kwa Kinyankole entuuha. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962 amesimama katikati ya bendera hiyo akiwa ameinua mguu mmoja, ishara ya nchi inayopiga hatua mbele. Timu ya taifa ya kandanda hucheza kwa jina lake, na katika Buganda uko ukoo mzima unaomheshimu na kujinasibisha naye.

Lakini korongo wa bendera husimama daima, hali korongo wa kweli huruka. Ajinyanyuapo kutoka kinamasini, mabawa yake yenye upana wa kama mita 2 hufunguka na kuonyesha weupe mkubwa usioonekana vema akiwa ametulia. Shingo hunyooka mbele, miguu mirefu hufuata nyuma, na sauti yake husikika bonde zima. Ni watu wengi waliomwona hivyo, na ni wachache wenye picha yake. Wengi wamejaribu, na walichopata ni doa la kijivu lenye ukungu, ambalo halina jicho, halina kishungi, wala halitambulikani kama ni korongo au ni mfuko uliopeperushwa na upepo.

Jambo hili si la mchezo tu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Hifadhi ya Maumbile, IUCN, lilimwingiza korongo taji katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Vinamasi hukaushwa ili vilimwe, mayai na makinda huchukuliwa, wengine hufa kwa sumu au kwa kugonga nyaya za umeme. Korongo jike hutaga kwa kawaida mayai 2 au 3 tu, na si makinda yote yanayokua. Basi kila picha iliyo wazi ni kumbukumbu, na zaidi ya kumbukumbu ni ushahidi. Askari na polisi, pamoja na jamaa zao, wana sababu ya pekee ya kuujua ufundi huu, kwa kuwa nusu yake wameshafundishwa katika uwanja wa shabaha.

BUNDUKI ISIYOUA

Uhusiano kati ya bunduki na picha ya ndege arukaye si wa kubuni. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alipiga picha za mfululizo za farasi akikimbia huko Palo Alto, California, kwa kupanga kamera nyingi kando ya njia. Mtaalamu wa Kifaransa wa kazi za mwili, Étienne-Jules Marey, aliyekuwa akichunguza jinsi ndege wanavyopiga mabawa, alitaka ndege nao wapigwe picha hivyo. Muybridge alipofika Paris mwaka 1881 alikuja na picha za njiwa wakiruka, lakini hazikumridhisha Marey, kwani hazikuwa wazi kiasi alichohitaji.

Mwaka uliofuata, 1882, Marey alitengeneza chombo chake mwenyewe. Kilikuwa na kitako cha kuegemezwa begani, mtutu uliobeba lenzi, kifyatulio, na chemba ya mviringo yenye bamba la kioo lililopakwa dawa. Alipokivuta kifyatulio, bamba lilizunguka na kupokea picha 12 katika sekunde moja, kila picha ikipigwa kwa sehemu moja ya 720 ya sekunde. Inasimuliwa kwamba huko Naples, Italia, wenyeji walimdhania ana wazimu, maana walimwona akiwalenga ndege kutwa nzima na jioni akirudi nyumbani mikono mitupu. Hawakujua kwamba alirudi na ndege wote aliowalenga, na kwamba ndege wenyewe walikuwa bado wakiruka.

Mwaka 1884 Mjerumani Ottomar Anschütz alipiga picha mashuhuri za korongo weupe wa Ulaya wakiwa hewani. Ndege wa aina hiyo hukimbia baridi ya kwao kila mwaka, na wengi wao hupita Afrika ya Mashariki. Kwa Kiswahili huitwa korongo pia, ingawa si wa jamii moja na korongo taji. Fundisho la watu hawa wawili ni lile lile: anayetaka kumshika ndege arukaye kwa picha sharti alenge kama mpiga shabaha.

KOSA LI WAPI?

Chukua mfano wa sajini anayeishi na jamaa yake kambini. Binti yake amerudi kutoka bondeni akiwa amekasirika.

"Baba, kamera hii ni mbovu. Nimepiga picha 40, na zote zina ukungu."

"Mwanangu," sajini amjibu, "kuruta naye hulalamika kwamba bunduki ni mbovu. Niletee hizo picha tuzitazame."

Wazitazamapo kwa utulivu, wanaona kwamba ukungu si wa namna moja. Katika picha za kwanza kila kitu kina ukungu, ndege na miti pia: hapo mikono ilitikisika. Katika nyingine miti iko wazi lakini ndege amevutika kama mstari: hapo ndege alikwenda mbio kuliko kamera. Na katika nyingine ndege ana ukungu lakini mafunjo ya nyuma yake yako wazi kabisa: hapo lenzi ilishika kisichotakiwa. Basi maradhi ni matatu, na kila moja lina dawa yake. Asiyeyatenganisha atanunua kamera mpya na kuendelea kupata picha zile zile.

Ugonjwa wa pili huelezwa vizuri na hesabu ya darasani. Tuseme ndege anakwenda mita 12 kwa sekunde mbele ya kamera isiyosogea. Ndani ya kamera mna kilango kinachofunguka na kufungika ili kupitisha mwanga, ambacho wapiga picha hukiita shata. Shata ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, ndege atakuwa ameshasogea sentimita 20, na picha haitakuwa na kichwa wala mkia. Ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 1,000, atasogea sentimita 1 na milimita 2. Ikikaa kwa sehemu moja ya 2,000, atasogea milimita 6 tu. Na ncha za mabawa hupiga juu na chini huku mwili ukiendelea mbele, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kupotea.

MWILI KWANZA

Kabla ya kugusa kitufe chochote, mpiga picha auweke mwili wake sawa. Miguu ipanuliwe kadiri ya mabega, wa kushoto ukitangulia kidogo. Viwiko vibanwe mbavuni, visiachwe kuning'inia kama mabawa ya kuku. Kiganja cha kushoto kibebe lenzi kwa chini, si kuishika kwa ubavu. Kamera ishikizwe kwenye paji la uso, ili kichwa, mikono na kamera viwe kitu kimoja.

Nyayo zielekee mahali ambapo picha inatazamiwa kupigwa, si mahali ndege anapotokea. Kisha kiuno kizungushwe kumwelekea ndege angali mbali, na kadiri anavyokaribia mwili ujifungue taratibu kama uzi uliosokotwa. Kwa njia hiyo, wakati wa kufyatua unapowadia, mwili unakuwa umerudi katika hali yake ya raha. Anayefanya kinyume hujikuta amejikaza na kupinda wakati ule ule anaohitaji utulivu.

Pumzi itolewe nusu na kuzuiwa kidogo. Kitufe kibonyezwe kwa upole, kwa nyama ya kidole, kisidunguliwe kwa ghafla. Na baada ya kubonyeza, kamera iendelee kumfuata ndege kwa muda mfupi zaidi. Anayesimamisha mikono mara tu asikiapo mlio wa shata, kwa kawaida huwa ameisimamisha kabla ya mlio wenyewe, na picha ya mwisho huharibika. Kila askari aliyefuzu shabaha ameyasikia maneno haya kutoka kwa mwalimu wake.

Kuna jambo moja tu ambalo mafunzo ya bunduki yanaweza kumpotosha. Risasi huchukua muda kufika, kwa hiyo mpiga shabaha hulenga mbele ya kitu kinachokwenda. Mwanga hauna safari ya kungojewa. Lenzi imwelekee ndege mwenyewe, kichwani, hasa kwenye jicho. Nafasi iliyobaki ndani ya picha iachwe mbele ya mdomo wake kuliko nyuma ya mkia, ili mtazamaji aone mahali anapokwenda.

MASHINE NAYO

Kwa korongo taji, ambaye ni ndege mkubwa na hapigi mabawa kwa haraka sana, shata ya sehemu moja ya 1,000 hadi ya 1,600 ya sekunde hutosha. Kwa ndege wadogo na wepesi inahitajika sehemu moja ya 2,500 au zaidi. Mwanya wa lenzi uwekwe kati ya f/5.6 na f/8. F/8 hupanua eneo lililo kali mbele na nyuma, ambalo husaidia bawa moja linapokuwa karibu na jingine mbali. Wepesi wa kupokea mwanga, yaani ISO, uanze 400 jua likiwa kali, na upandishwe hadi 1600 mawingu yakitanda. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, lakini chenga hazifichi jicho la ndege, ukungu hulificha.

Lenzi ya milimita 300 au 400 ndiyo ifaayo. Kamera nyingi za siku hizi zina uwezo wa kukaza fokasi zenyewe na kuendelea kuikaza wakati ndege akisogea. Katika kamera za Nikon na Sony hali hiyo huonyeshwa kwa herufi AF-C, na katika za Canon huitwa Servo. Bila hali hiyo, kamera hukaza mara moja na kutulia, ilhali ndege ameshapita. Ni vema pia kwanza kuikaza lenzi kwenye mti au kichuguu kilicho umbali sawa na njia ya ndege, ili atokeapo mashine isihangaike kumtafuta kuanzia karibu hadi mbali.

Mwenye kamera ya zamani ya filamu asikate tamaa. Kwa kuwa korongo hupita njia zilizozoeleka, mtu anaweza kukaza lenzi mapema kwa umbali fulani, tuseme mita 30, kisha akamfuata ndege kwa macho ndani ya kamera na kubonyeza mara tu manyoya yanapoanza kuwa wazi. Huu ni mtego, na wapiga picha wa zamani walipata picha nyingi nzuri kwa njia hii. Tena filamu yenye picha 36 tu humfunza mtu kungoja. Mwenye kamera ya leo huweza kupiga picha 10 au 20 kwa sekunde, naye hushawishika kulifyatulia kundi zima bila kuchagua. Wahenga walisema, mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Mchague ndege mmoja, umfuate huyo, uwaache wengine.

Jambo la mwisho la mashine ni mwanga wa mbingu. Kamera ikiona mbingu nyeupe nyuma ya ndege hudhani mwanga ni mwingi mno, ikaupunguza, na korongo akawa mweusi kama kunguru. Dawa ni kuongeza mwanga kwa hatua moja, au moja na nusu. Kinyume chake, yangeyange mweupe apitaye mbele ya mafunjo ya kijani kibichi huungua na kuwa karatasi tupu. Huyo hupunguziwa mwanga.

JUA, UPEPO NA DESTURI ZA NDEGE

Hata mwili ukitulia na mashine ikiwa sawa, asiyezijua desturi za ndege atasimama mahali pasipofaa. Korongo taji hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine za ukoo wake hawaliwezi, kwani yeye ana kidole kirefu cha nyuma cha kushikia tawi. Alfajiri hutoka mtini kwenda kula mashambani na kinamasini, na magharibi hurudi. Mtu akikaa siku mbili tatu bila kamera, akitazama tu, ataijua njia yao. Siku hizo mbili tatu zina faida kuliko lenzi ya gharama.

Saa za asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tatu, ndizo bora. Jua liko chini na hulimulika bawa kwa upande wa chini pia, na hewa bado ni tulivu. Karibu na Ikweta jua hupanda upesi, na ifikapo saa nne hewa juu ya ardhi yenye joto huanza kutetemeka kama maji yachemkayo. Hapo hata lenzi bora haitoi picha kali ya ndege aliye mbali. Kanuni ni rahisi: kivuli chako kimwelekee ndege.

Upepo una kanuni yake. Ndege huinuka na kutua akiukabili upepo, kama ndege za abiria zifanyavyo. Basi siku ambayo jua na upepo vyote viko mgongoni mwa mpiga picha ndiyo siku ya neema, maana ndege watuao watakuwa wakimjia usoni, wamemulikwa vema, na mabawa yamefunguliwa kuzuia mwendo.

Na ndege asifukuzwe. Wapo wanaotuma watoto wakimbie kinamasini ili korongo aruke. Kwanza ni ukatili, kwa kuwa ndege hupoteza nguvu na huenda akayaacha mayai au makinda. Pili ni ujinga wa ufundi, kwa kuwa ndege aliyefukuzwa humpa mtu mgongo, na picha huwa ya mkia. Anayengoja kwa adabu huonyeshwa uso.

ANZA NA WASIO NA HARAKA

Hakuna kuruta anayeanza na shabaha inayokimbia. Mazoezi yaanze na watoto wakicheza mpira, au waendesha baiskeli barabarani. Kisha yangeyange wanaofuata ng'ombe malishoni, ambao huruka polepole na weupe wao huonekana vema. Mjini Kampala wapo kongoti wengi, wakubwa na wasiojali watu. Hao ni walimu wa bure. Baada yao mwewe, anayezunguka na kugeuka ghafla. Karibu na ziwa yupo mdiria mweusi na mweupe, ambaye husimama hewani kabla ya kujitupa majini, akampa mpiga picha nafasi ya kuvuta pumzi moja. Mbayuwayu awe wa mwisho kabisa. Mwenye simu tu naye apige makundi yapitayo mbele ya mawingu ya machweo, asihangaike kumvuta ndege mmoja aliye mbali.

PICHA KAMA USHAHIDI

Polisi wanajua kwamba ushahidi usio na tarehe ni hadithi. Familia inayokwenda kupiga picha ichukue daftari la shule. Mmoja apige, mwingine aandike: siku, saa, mahali, idadi ya ndege, na walikuwa wakifanya nini. Picha kali huonyesha mambo ambayo jicho halikuyawahi. Korongo mchanga bado hana kishungi kamili wala weupe safi wa shavuni, kwa hiyo picha iliyo wazi humwezesha mtu kuhesabu ni wazazi wangapi na ni vijana wangapi katika kundi. Ndege aliyevishwa pete mguuni na wataalamu anaweza kutambuliwa kwa namba yake. Mwaka kwa mwaka daftari na picha hizo zitaonyesha kama vijana wanaongezeka au wanapungua, nalo ni jambo ambalo doa la kijivu haliwezi kulisema mahakamani wala mbele ya wataalamu.

Tahadhari mbili zinastahili kukumbushwa. Kiota kisikaribiwe, hata kikionekana kwa urahisi, na picha isitumiwe kuwaelekeza watu mahali kilipo, kwani wapo wanaowatafuta makinda ili wawauze. Na mpiga picha asielekeze lenzi ndefu kwenye kambi, uwanja wa ndege au mahali pengine penye ulinzi bila ruhusa. Mlinzi wa zamu hana njia ya kujua kwamba kilicholengwa ni korongo.

KUITUNZA KAMERA NYUMBANI

Kamera ni adui wa unyevu, na nyumba zilizo karibu na ziwa zina unyevu mwingi. Ukungu wa kuvu ukiota ndani ya lenzi hautoki kwa kufutwa. Itiwe katika kopo lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha viwekwavyo ndani ya maboksi ya viatu vipya. Vumbi lipulizwe kwanza kwa kipulizio, ndipo kitambaa laini cha pamba kifuate. Anayeanza na kitambaa husugua mchanga juu ya kioo.

Turudi kwa sajini na binti yake. Jumamosi ifuatayo wamekwenda bondeni alfajiri. Kaka mdogo, ambaye mfukoni mwake hamkosi manati, amekabidhiwa daftari na kalamu. Korongo wawili wanatoka mtini na kuja wakilikabili jua na upepo. Binti anageuza kiuno, anazuia pumzi, anabonyeza mara nne tu, na mikono yake inaendelea kuwafuata hata baada ya kupita.

"Nimempata, baba," asema kwa sauti ya chini.

"Umempata," ajibu sajini, "na bado yupo."

Kaka mdogo ameandika: korongo wawili, saa moja na robo, wazima.